Mlinzi wa Chembe za Damu

(Somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima ya Tarime na Serengeti)

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa na daftari zimegawiwa. Leo hatutasoma habari za kahawa wala za majosho ya ng'ombe. Tutasoma habari ya kitu kidogo mno kilichomo ndani ya damu. Kwa ajili ya kitu hicho, mtu mmoja aweza kumeza kidonge akapona, na ndugu yake wa tumbo moja akameza kidonge kile kile akakojoa mkojo mweusi.

Kwanza andikeni maneno mawili. La kwanza ni je-ni. La pili ni ki-me-ng'e-nya. Mwalimu, yaandike ubaoni, nao wayasome pamoja mara mbili.

Neno la pili ni gumu kutamka, lakini kazi yake mmeiona nyumbani tangu utoto. Mama huloweka wimbi, huuacha uchipue, huuanika, kisha huusaga. Huo ndio unga wa kimea. Ukitia unga huo kidogo katika uji mzito wenye joto la kadiri, uji hulainika na kuwa mtamu bila ya kuongezwa sukari. Ni nini kilichoulainisha? Ni vimeng'enya vilivyotokea wakati mbegu ilipochipua. Basi kimeng'enya ni mfanyakazi mdogo aliye ndani ya kitu chenye uhai. Huigeuza hiki kuwa kile, tena kwa haraka, wala yeye mwenyewe hamaliziki katika kazi hiyo.

Na jeni ni nini? Jeni ni agizo. Mwili wetu umejengwa kwa chembe nyingi sana, na ndani ya chembe mna maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Agizo moja husema kimeng'enya fulani kitengenezwe namna gani. Agizo likiwa na kosa, hata la herufi moja, kimeng'enya huweza kuwa dhaifu. Ninyi wafugaji hamtashangaa. Mwajua kwamba ndama hurithi rangi ya ng'ombe wazazi, na mwajua pia kwamba huweza kurithi udhaifu usioonekana kwa macho.

Jeni ya leo huitwa kwa herufi tatu na tarakimu moja: G6PD. Kimeng'enya chake kina jina hilo hilo. Hulinda chembe nyekundu za damu, zile zinazochukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Oksijeni ni uhai wetu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayolisha jembe kutu. Na dawa nyingine zikiingia katika damu, kutu ya namna hiyo huzidi. G6PD huipa chembe nguvu ya kuiondoa. Chembe nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata nguvu hiyo, nazo huitumia hata kupelekeana ishara; kwa mfano, hutengenezea hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huiambia mishipa ya damu ilegee. Chembe nyekundu haina bahati hiyo. Njia yake ni hii moja tu. Tena haina kiini chenye maagizo, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Huishi siku 120 hivi kwa akiba iliyozaliwa nayo. Akiba ikiwa haba, na ikija dawa kali, chembe hupasuka.

Jambo hili lilijulikanaje? Madaktari wa Chicago, Marekani, walikuwa wakijaribu dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa wafungwa wa gereza moja la Illinois. Waliona kwamba baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Afrika, damu yao ilipungua ghafula baada ya kumeza. Mwaka 1956 walieleza sababu: kimeng'enya hiki kilikuwa dhaifu. Mimi nitasema wazi kwamba kuwajaribia dawa watu waliofungwa si jambo la kusifiwa, maana mfungwa hana uhuru kamili wa kukataa. Lakini elimu waliyotuachia ni kubwa.

Na huku kwetu je? Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na wilaya ya Musoma ya wakati ule ilikuwa mojawapo. Kwanza alikuwa akitafuta jeni nyingine, ile ya selimundu. Hesabu zake za Musoma, alizozitoa mwaka 1956, zafaa kusomwa polepole. Kati ya watoto wachanga 287, waliorithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Hesabuni wenyewe: laiti watoto wale wote wangekua, watu wazima wa namna hiyo wangekuwa kama 20. Wengi walikufa wadogo. Lakini waliorithi jeni moja tu walizidi: kwa watoto, kama 31 katika kila mia, kwa watu wazima, 38. Jeni moja iliwakinga na malaria. Mwaka 1960 Allison akaandika habari za G6PD kwa watu wa Afrika ya Mashariki, akaona jambo linalofanana na hilo: udhaifu huu ni mwingi palipo na malaria nyingi. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, maana udhaifu huu hupunguza malaria ya ubongoni, lakini huzidisha upungufu mkubwa wa damu uletwao na malaria. Lakini msichanganye: selimundu ni ugonjwa mwingine, na jeni yake ni nyingine.

Sasa nawaomba wazee wanisikilize. Kwa desturi zetu ukoo hufuata baba, na ng'ombe hurithiwa kwa baba. Jeni hii haifuati njia hiyo. Imo katika fungu la maagizo liitwalo kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili. Mwanamume ana moja. Mtoto wa kiume huipata X yake kwa mama peke yake. Kwa hiyo mama mwenye jeni moja dhaifu na moja nzima aweza kuwa mzima kabisa, na kila mwana wa kiume atakayemzaa ana nusu ya bahati ya kuirithi ile dhaifu. Baba mwenye udhaifu huwapa binti zake wote, wala hawapi wana wake wa kiume hata mmoja. Mwaka 1961 mwanamke mtaalamu wa Uingereza, Mary Lyon, alieleza kwamba katika kila chembe ya mwanamke X moja hulala na moja hufanya kazi. Ndiyo sababu mama wa namna hii ana chembe nyekundu za aina mbili, imara na dhaifu, zikitembea pamoja.

Basi mtoto akigeuka manjano, watu wasimgeukie mama yake kusema ameleta mkosi katika boma. Huenda yeye naye alipewa na baba yake, mzee aliyepokea mahari na kula sherehe pamoja nanyi.

Wengi wenye udhaifu huu huishi maisha yao yote bila ya kujua. Duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 400. Hatari huja kwa dawa fulani: primakwini kwa wingi, dapsoni inayotumika kwa ukoma, nitrofurantoini ya njia ya mkojo. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu hii. Primakwini kidogo, ile ya mara moja tu, Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2012 itolewe bila ya kupima kwanza. Dawa mseto ya malaria mnayopewa zahanati haimo katika orodha hii ya hatari, msiiache. Lakini vidonge vilivyobaki vya jirani msivimeze.

Dalili huonekana siku moja hadi tatu baada ya dawa: mkojo kama chai ya rangi iliyokolea, macho ya manjano, kuchoka, kuhema. Malaria kali yenyewe huweza kuleta mkojo huo, kwa hiyo msikae nyumbani mkibishana ni ipi. Nendeni hospitali siku ile ile, mkachukue na pakiti ya dawa.

Watoto wachanga wana hatari yao. Vile vidonge vyeupe vya nondo viwekwavyo katika masanduku ya nguo humdhuru mtoto mwenye udhaifu huu. Nguo zake zisihifadhiwe navyo. Mtoto akiwa manjano katika siku yake ya kwanza, au manjano ikishuka hadi nyayoni, au akikataa kunyonya, apelekwe upesi. Ile manjano ikizidi huharibu ubongo, na ubongo ukisha kuharibika haurudi. Hospitali humlaza chini ya taa ya buluu. Jua la asubuhi halitoshi kuwa badala yake.

Kipimo cha G6PD kipo, ingawa si kila zahanati inacho. Muuguzi akiambiwa vizuri, atajua la kuuliza. Kwa hiyo mwalimu, andika ubaoni sentensi hizi, nao wazinakili polepole, kila mmoja akiacha nafasi ya kujaza:

Mtoto wangu alimeza dawa iitwayo ............ siku ya ............ Mkojo wake ulikuwa mweusi siku ya ............ Mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliwahi / hakuwahi kuugua hivyo.

Anayetaka kujizoeza, anakili pia jina la dawa kutoka katika pakiti yoyote iliyoko nyumbani, herufi kwa herufi, alilete darasani siku ya pili.