Kardani Nayo ni Breki

Lori kuukuu linapouzwa Butembo, mnunuzi husikiliza moteri, hupiga teke tairi moja mbili, kisha huanza kuvutana bei. Wachache hulala chini ya gari kuitazama kardani, lile bomba refu la chuma linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuifikisha kwenye difu ya nyuma. Ukivuka Kasindi kuingia Uganda, mafundi huliita propela. Watu wengi huiona kardani kuwa chombo cha kusukuma tu: ikikatika, gari litasimama, fundi ataitwa, safari itaendelea kesho. Katika nchi ya vilima kama Kivu ya Kaskazini, dhana hiyo ni ya hatari. Kardani ikikatika mteremkoni gari halisimami, bali linaachiwa.

Tuanze na joto. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Beni iko chini yake kwa mita zipatazo 600. Kusini, barabara ya Goma hushuka kwa kona kali kwenye ukingo wa Kabasha hadi tambarare ya Rwindi. Lori la tani 30, mzigo ukiwemo, likishuka mita 100 tu za kimo hutoa nishati ya kuchemsha karibu lita 90 za maji baridi. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akitegemea kanyagio peke yake, sehemu yake kubwa huishia kwenye ngoma za breki. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi, lainingi nayo hupoteza mshiko, na kanyagio huzama pasipo matokeo. Ndiyo maana dereva mzoefu huweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili moteri iyazuie magurudumu. Malori mengi ya Kijapani yana pia vali ya kuziba ekzosi, inayoongeza ukinzani huo. Lakini moteri inayashikaje magurudumu? Kupitia klachi, giaboksi, kardani na difu, njia ile ile nguvu iliyopita wakati wa kupanda, sasa ikirudi kinyume. Kuna jambo jingine linalosahaulika: kwenye Fuso Canter nyingi, breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika mhimili nyuma ya giaboksi. Kardani ikikatika, breki ya moteri na breki ya mkono hupotea kwa pigo moja.

Na hukatikia wapi? Mara nyingi kwenye viungo vyake. Kila kiungo kina msalaba mdogo wa chuma, mafundi huuita krosi, wenye beringi za sindano katika ncha zake nne, ndio unaoruhusu kardani kuzunguka huku difu ikipanda na kushuka na springi. Ni wazo la kale, lililojulikana Ulaya tangu enzi za Gerolamo Cardano na baadaye Robert Hooke. Kasoro yake ni kwamba, kikipinda, kiungo kimoja hakitoi mwendo sawia. Kwa pembe ya nyuzi 30, upande wa pili hupungua hadi asilimia 87 ya kasi ya upande wa kwanza na kupanda hadi 115, mara mbili katika kila mzunguko. Dawa ni kuweka viungo viwili vyenye pembe sawa, uma zao zinazoshika krosi zikilingana, ili cha pili kifute kosa la cha kwanza. Basi fundi akiifungua kardani na kuirudisha bila kufuata alama, uma zikapishana, kosa huongezeka badala ya kufutika. Gari hutetemeka, na krosi mpya huliwa upesi. Ongeza matope yanayofukuza grisi, ongeza mzigo kupita kiasi.

Wapo watakaosema dawa ni teknolojia bora. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger, akitafuta njia ya kuunganisha mashini za meli, alipata hataza ya mtambo ambamo magurudumu mawili yenye mapezi hutazamana bila kugusana, na mafuta hubeba nguvu kutoka moja hadi jingine. Ukilifunga gurudumu moja lisizunguke, umepata breki ya mafuta, ritarda, ambayo huonekana kwenye baadhi ya malori yaliyotoka Ulaya. Haina lainingi ya kuisha, na joto lake huenda kwenye rejeta. Ni kifaa kizuri kweli. Lakini kasi ikipungua kwa nusu, nguvu yake hubaki robo, hivyo haiwezi kushikilia gari lililosimama. Zaidi ya hayo, nayo huyashika magurudumu kupitia kardani ile ile.

Pingamizi la kawaida zaidi ni la mazuti: kushuka kwa niutro kunaokoa pesa. Si kweli mteremkoni. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa, pampu hukata mazuti. Kwenye niutro moteri huendelea kuyanywa ili isizimike. Wengine wataniambia kwamba malori makubwa ya breki za upepo hushikwa magurudumuni hata yakiegeshwa. Ni sawa, nami nakubali kwamba hayo yana kinga zaidi. Ila breki hizo za magurudumu ndizo zile zile zinazochemka.

Barabara mpya je? Juni 2021 Kongo na Uganda zilizindua mradi wa kutia lami, ukijumuisha kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Lami ni neema, hakuna ubishi. Lakini udongo wenyewe ulikuwa breki: matope na mashimo yalikula sehemu ya nishati na kumlazimisha dereva aende polepole. Lami haili kiasi hicho, na kasi ikiwa maradufu nishati ya kusimamisha huwa mara nne.

Wenye mizigo, kwa hiyo, msiishie kuuliza nauli. Kabla viazi havijapakiwa, muulizeni dereva krosi zilitiwa grisi lini, na mwombeni aitikise kardani kwa mkono mbele yenu. Ikicheza, mzigo usubiri.