Shufwa, Witiri na Tasa

Mwanafunzi akutanaye kwa mara ya kwanza na maneno shufwa, witiri na tasa katika kitabu cha hisabati aghalabu huyahifadhi kama majina ya miji asiyopata kuifika, ilhali maneno hayo, lau angeyasikiliza, yangemfunulia nusu ya somo kabla mwalimu hajashika chaki.

Shufwa na witiri asili yake ni Kiarabu, nayo maana yake ni kilicho jozi na kisicho na mwenzi. Na wanaosali witiri baada ya isha huijua maana hiyo kwa vitendo, kwani rakaa zake haziwi ila moja, tatu, tano na kuendelea hivyo. Twaa tende saba uzipange mbilimbili katika sahani: jozi tatu zitatimia, na tende moja itasalia pekee. Twaa nyingine tisa uzipange vivyo hivyo: jozi nne zitatimia, na moja itasalia. Ukizijumlisha, zile mbili zilizosalia zitakutana na kuwa jozi ya nane, na jumla, 16, itakuwa shufwa. Nawe utakuwa umekwisha kuthibitisha ya kwamba witiri mbili zikijumlishwa hazitoi witiri abadan, ziwe ni saba na tisa au ziwe ni namba zenye tarakimu elfu.

Wengi huchanganya kigawo na kigawe, na hapa lugha yenyewe ndiyo mwalimu bora. Kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Basi kigawe ni kile kigawanywacho, na kigawo ni kile kinachokigawa. Kwa hiyo 12 ni kigawe cha 3, na 3 ni kigawo cha 12. Muuza machungwa mwenye machungwa 12 aweza kuyapanga mafungu ya mawili, ya matatu, ya manne au ya sita pasipo baki. Lakini akiongezewa moja tu yakawa 13, hatapata mafungu yaliyo sawa, ila ayatandaze mojamoja au ayarundike yote pamoja. Namba ya namna hiyo, isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe, ndiyo iitwayo tasa.

Jina hilo ni zuri, ingawa kwa maoni yangu lasema upande mmoja tu wa jambo, kwa sababu katika kuzidisha hizo tasa ndizo zinazozizaa namba nyingine zote. Namba 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hata ukiianza kwa 6 × 10 au kwa 4 × 15, mwishowe utazifikia tasa zile zile, wala hakuna nasaba nyingine. Na hii ndiyo sababu 1 haihesabiwi kuwa tasa: lau ingeingizwa, mtu angeweza kuizidisha mara apendavyo, na kila namba ingekuwa na nasaba zisizo na idadi.

Je, tasa zina mwisho? Euclid, aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alijibu kwa hoja ambayo mtoto wa darasa la saba aweza kuifuata. Tuseme kwamba tasa zote ulimwenguni ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zizidishe zote, upate 30,030. Kisha uongeze moja, upate 30,031. Igawe namba hii kwa yoyote katika zile sita, na kila mara itabaki 1. Kwa hiyo, ama yenyewe ni tasa, ama ina kigawo tasa ambacho hatukukiorodhesha, na orodha yoyote utakayoileta, hata iwe ndefu namna gani, itapatwa na yayo hayo. Na kwa hakika 30,031 ni 59 × 509, nazo zote mbili ni tasa.