Mifupa ya Kilwa Yaulizwa: Wewe Mtoto wa Nani?

Mtu wa Ngorongo akikutana na mwenzake wa Rufiji msibani huko Temeke, hawachelewi kuulizana: "Wewe mtoto wa nani?" Hapo hutajwa baba, kisha babu, na mara nyingine hata Shirazi ya mbali. Ndugu msomaji, swali hilo sasa wameulizwa marehemu wenyewe.

Mnamo Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kale, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa, jirani yetu wa kusini. Miongoni mwa wataalamu hao walikuwamo Chapurukha Kusimba na David Reich.

Vinasaba ni mfano wa maandishi marefu yenye herufi nne tu, ambayo kila kizazi hunakili kutoka kwa wazazi. Mnakili hukosea. Wanafunzi wawili wakiwa na makosa yale yale kwenye vibao vyao, bila shaka walinakili mahali pamoja; basi ndivyo udugu unavyotambulika. Aidha, vipande virefu vya urithi hukatika vikawa vifupi kila kizazi kinapopita, na kwa urefu wake wataalamu walikadiria kuwa damu zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000.

Zilichanganyika vipi? Urithi wa kina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na kwa wengi ulizidi nusu ya urithi wote. Kwa upande wa kina baba, wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Wale waliodai kwamba Ushirazi ni majivuno matupu wamejibiwa. Nao waandishi wa kikoloni walioiona miji yetu kuwa kazi ya wageni wamejibiwa vilevile. Visa vya Kilwa humtaja Ali bin Hassan aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wake za wageni hao hatutajiwi kwa urefu, ijapokuwa lugha tuizungumzayo ni ya kwao.

Hata hivyo, tusiharakishe. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye cheo, waliozikwa karibu na misikiti. Wakata mikoko wa delta ya Rufiji, ambao boriti zao zilipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Ghuba, hawamo katika hesabu hiyo.