Paa Linalovuja: Tundu Dogo Lizibwe Kabla ya Masika

Katika maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, masika huanza mwezi Machi, na wiki za jua zinazotangulia ndizo wiki za kutengeneza paa. Mvua ikishaanza, kazi hii haifanyiki vizuri tena, kwa kuwa lami na silikoni nyingi zinazouzwa madukani hazishiki juu ya bati lenye maji. Pamoja na hayo, matengenezo mengi hufanyika siku ya pili baada ya mvua ya kwanza, kwa haraka, huku mawingu yakiwa yamejikusanya upya. Fundi hulipwa, naye mwenye nyumba hurudisha ndoo mahali pale pale usiku unaofuata.

Wapo wanaoliona tundu dogo kuwa ni usumbufu tu, jambo la kuhamisha kitanda na kuendelea na maisha. Hesabu inasema vingine. Milimita 1 ya mvua inapoangukia mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Kwa hiyo nyumba yenye paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Sehemu ndogo sana ya maji hayo inatosha kulowesha papi na kenchi, na mbao zinazolowa na kukauka mara kwa mara huoza kuanzia pale msumari ulipoingia. Nyumba ya matofali mabichi ya udongo hupata hasara kubwa zaidi, kwani maji yanayoshuka kutoka juu ya ukuta huyeyusha udongo taratibu bila mtu kutambua, mpaka ufa uonekane.

Lililo zito kuliko yote ni ghala. Familia nyingi za kata zetu huhifadhi mahindi na karanga ndani ya nyumba wanamoishi, magunia yakiwa yameegemezwa ukutani. Nafaka iliyolowa huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Gunia lililodondokewa na maji lisirudishwe tu juani na kusahauliwa. Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitengwe, zisiliwe na watu wala kulishwa mifugo.

Sasa tuje kwenye paa lenyewe. Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba maji yanayodondoka juu ya kitanda, mara nyingi, hayakuingilia juu ya kitanda. Tone likipita kwenye tundu hushikamana na upande wa chini wa bati, hufuata mteremko mpaka likutane na papi, hutambaa juu ya mbao hiyo, kisha hudondoka mahali mbao inapoishia au palipo na fundo. Umbali kati ya tundu na tone unaweza kufika mita mbili au zaidi. Penye dari ndipo pagumu zaidi, kwa sababu maji hutanda juu ya ubao wa dari na kutafuta kiungo chochote cha kupenyea. Ndiyo maana fundi anayepanda na kupaka lami juu ya kitanda huwa ameziba mahali pazima.

Tundu hutafutwa kutoka ndani, mchana wa jua kali. Funga milango na madirisha, ingia chini ya paa au juu ya dari, tulia dakika chache mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Usipoona mwanga, tafuta alama ya maji: mstari wa rangi ya chai kwenye mbao, au kutu kuzunguka msumari. Ufuate mstari huo kuelekea juu ya mteremko, kamwe usiufuate kuelekea chini. Ukilipata tundu, hesabu migongo ya bati kutoka ukingo wa paa na upime umbali kutoka kwenye kofia, uandike kwenye karatasi, kwa maana ukishapanda juu kila kitu kitafanana.

Yapo matundu yasiyoonyesha mwanga. Hayo hutafutwa kwa maji, watu wawili wakisaidiana: mmoja juu akimwaga kopo baada ya kopo, mwingine ndani akitazama. Kumwaga kuanzie chini, karibu na ukingo wa paa, na kupande pole pole. Ukianzia juu, maji yatateremka yakipita kila kiungo na hutajua ni kipi kilichovuja.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha pia kwamba paa linavuja kweli. Asubuhi za baridi, mvuke wa pumzi na wa jikoni hugota kwenye bati na kugeuka matone, hasa katika nyumba zisizo na nafasi ya kupitisha hewa. Matone hayo huenea paa zima na hutokea hata usiku usio na mvua. Dawa yake ni matundu ya hewa chini ya paa na kwenye kuta. Silikoni haitasaidia kitu.

Ukichunguza mapaa yetu utaona kwamba bati lenyewe ni nadra kuwa chanzo. Chanzo kikuu ni msumari. Bati lenye urefu wa mita 3 hurefuka kwa zaidi ya milimita 1 joto lake linapopanda kwa nyuzi 40, tofauti ambayo hutokea kati ya alfajiri na saa saba mchana, kisha hurudi usiku. Mchezo huo hufanyika kila siku kwa miaka, upepo nao ukivuta, na mbao ikizidi kukauka na kusinyaa. Msumari huinuka kidogo, mpira ulio chini ya kichwa chake hupasuka kwa jua, na maji hupata njia. Sababu nyingine iliyoongezeka siku hizi ni dishi la king'amuzi na paneli za sola: anayefunga hutoboa matundu manne, hukaza, hupokea malipo yake na kuondoka. Mwananchi anayo haki ya kumtaka azibe kila tundu alilotoboa kabla hajashuka, na tunashauri malipo yasubiri hatua hiyo.

Msumari ulioinuka usigongwe urudi katika tundu lile lile. Mbao pale imekwisha kulegea, nao utainuka tena kabla ya vuli. Ung'oe, uweke mwingine ulio mrefu na mnene zaidi, au skrubu ya bati yenye mpira wake. Mahali mipira haipatikani, vipande vya mviringo vilivyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli au ya gari hufanya kazi hiyo kwa muda mzuri. Kaza mpaka mpira ubanwe, halafu acha. Anayegonga kwa nguvu zote hulibonyeza bati na kutengeneza kibakuli kinachokusanya maji kuzunguka msumari. Msumari ukae juu ya mgongo wa bati na si bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita. Ikiwa mbao imeoza, msumari mpya usogezwe hadi penye mbao nzima na tundu la zamani lizibwe.

Kwa tundu la kutu au la msumari wa zamani, usafi ndiyo kazi yenyewe. Kupaka ni hatua ndogo ya mwisho. Sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka kutu inayobanduka iishe na chuma kionekane, vidole viwili kuzunguka tundu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo ujaze silikoni ya nje inayofaa kwa chuma, ukiisambaza kupita ukingo wa tundu pande zote. Kisha iachwe bila kuguswa na maji kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni saa 24. Tundu lililozidi ukubwa wa sarafu halitoshelezwi na silikoni peke yake. Hilo linahitaji kiraka cha bati la umbo lile lile, chenye ukingo wa sentimita 5 kila upande, kilichokalishwa juu ya silikoni na kubanwa kwa riveti. Ukingo wa juu wa kiraka ukiweza kuingizwa chini ya bati la juu yake, uingizwe, ili maji yateremke juu ya kiraka na yasipate mlango. Mwenye uwezo mdogo anaweza kutumia lami na kitambaa cha pamba: tabaka la lami, kitambaa kikandamizwe ndani yake, kikauke, kisha tabaka jingine juu. Kiraka cha namna hiyo kikaguliwe kila mwaka.

Hapa sharti tuonye. Lami isipakwe kwenye paa linalokusanya maji ya kunywa, wala rangi yenye madini ya risasi. Hata ukitumia silikoni, acha mvua za kwanza baada ya matengenezo zisafishe paa, na mfereji usielekezwe kwenye tangi mpaka maji yatoke bila harufu wala rangi.

Kuhusu dawa za kienyeji, sabuni ya mche iliyokandamizwa kwenye tundu huzuia maji kwa mvua moja, pengine mbili, na kwa usiku wa dharura hatuna ugomvi nayo. Bazoka hukauka na kudondoka. Saruji ndiyo inayodanganya watu wengi, kwa sababu huonekana imara siku ya kwanza. Bati hutanuka na kusinyaa, saruji haifanyi hivyo, kwa hiyo hupasuka na maji hubaki yamenaswa katika ufa. Tena saruji mbichi hula zinki inayolinda bati, na kutu huanza chini yake. Mawe na matairi yanayowekwa juu ili kulizuia bati lisipeperuke huhifadhi majani na unyevu, na bati hutoboka pale pale yalipokaa.

Usalama hauna mjadala. Paa halipandwi likiwa limelowa, wala wingu la radi likiwa karibu, wala mtu akiwa peke yake. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu na mtu aishike. Kwa kila mita 4 za urefu wa kupanda, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Juu ya paa, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa maana chini yake ndipo papi ilipo. Katikati bati hubonyea na kufungua matundu mapya. Vaa viatu vya mpira visivyoteleza. Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawa moto. Na ikiwa maji yanadondoka karibu na taa, swichi au nyaya za darini, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza na umwite fundi umeme mwenye leseni, hata kama taa bado inawaka vizuri.

Lipo paa ambalo mwananchi hatakiwi kuligusa kabisa. Baadhi ya nyumba za zamani, zikiwemo nyumba na majengo ya umma, zimeezekwa kwa asbesto: vipande vizito vya rangi ya kijivu vyenye mawimbi, vinavyofanana na saruji, ambavyo haviliimu mlio wa chuma vikigongwa. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi huweza kusababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, miaka mingi baadaye. Usivisugue kwa brashi, usivitoboe, usivikate, na vilivyovunjika visiachwe kuwa mchezo wa watoto wala kutumiwa kujengea mabanda. Toa taarifa kwa Mtendaji wa Kata, naye ataifikisha kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Kuondoa paa la namna hiyo kuna utaratibu wake unaosimamiwa na sheria za mazingira.

Swali la mwisho tunaloulizwa ni lini mtu aache kuweka viraka. Bonyeza bati kwa kidole gumba karibu na tundu: likikunjika kama karatasi, au ncha ya bisibisi ikipenya bila nguvu, bati hilo limekwisha, na silikoni itakayowekwa juu yake ni fedha iliyopotea. Anayenunua bati jipya akumbuke kwamba namba ya geji huenda kinyume na unene: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Wapo wanaolipia namba kubwa wakidhani wamepata bati gumu. Tazama pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania kabla ya kulipa, na udai risiti.

Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi mapema, abaki na nakala, na asinunue vifaa kabla ya makubaliano. Kwa shule na zahanati zinazovuja, taarifa ipelekwe kwa Mwalimu Mkuu au Mganga Mfawidhi na kwa kamati husika, ikitaja jengo na chumba, ili ukarabati uingizwe kwenye mpango kabla ya mwezi Machi. Mwananchi anayehitaji ushauri wa kitaalamu kuhusu paa la makazi yake apite ofisi ya Mtendaji wa Kata saa za kazi akiwa na vipimo alivyoandika pamoja na picha ya sehemu inayovuja, na ataelekezwa kwa Mhandisi wa Halmashauri.