Kulala ndani ya barafu: Kijiji kilichogeuza baridi kuwa kazi, na funzo lake kwa vijana wa Kitui

Mwambie susu yako kule Mutomo kwamba kuna watu wanaolipa pesa nyingi ili walale usiku mmoja juu ya kitanda cha barafu. Atakutazama, atacheka, halafu atauliza kama wewe ni mzima. Sisi wa Kitui tunajua jua. Tunajua vumbi la Septemba na mto uliokauka hadi watu wanachimba mchanga ndipo wapate maji. Baridi yetu ni ile ya Julai, na dawa yake ni sweta na chai ya tangawizi.

Lakini hoteli hiyo ipo. Inaitwa Icehotel, na iko katika kijiji kidogo cha Jukkasjärvi, kaskazini kabisa mwa Uswidi, takriban kilomita 200 ndani ya Mzingo wa Aktiki. Kuta zake ni theluji, nguzo ni barafu, hata glasi za kunywea ni barafu. Ikifika Aprili inafungwa, inayeyuka na kurudi mtoni. Novemba wanaanza kujenga upya.

Unaweza kuona ni vituko vya wazungu wenye pesa za kuchezea. Subiri kwanza. Ukiangalia jinsi inavyojengwa na sababu ya kujengwa, utakuta mambo ambayo kijana wa Kitui au Makueni anayajua vizuri kuliko anavyodhani.

Nyumba inayotoka mtoni

Kila kitu kinaanzia kwenye mto Torne, unaopita kando ya kijiji. Mwezi Machi, wakati huku kwetu tunaangalia mawingu tukingoja mvua za masika, kule mto umeganda kiasi kwamba barafu yake ina unene wa karibu mita moja. Watu wanaingia na mashine juu ya mto huohuo na kukata vipande vikubwa. Kipande kimoja kina uzani wa tani mbili hivi, sawa na pikapu iliyojaa magunia ya ndengu.

Vipande hivyo havitumiwi papo hapo. Vinahifadhiwa kwenye ghala kubwa la baridi wakati wote wa kiangazi. Ni kama mkulima anayejaza ghala wakati wa mavuno kwa sababu anajua njaa inakuja. Maji ya mto huo ni safi, kwa hiyo barafu yake hutoka angavu kama kioo. Ukisimama upande mmoja, unamwona mwenzako upande wa pili.

Novemba inapofika, wakati wa mvua za kutegemewa huku Ukambani na kila mtu yuko shambani, kule mafundi wanaanza ujenzi. Wanasimamisha fremu za chuma zenye umbo la upinde, wanazipulizia mchanganyiko wa theluji na barafu, kisha wanauacha ugande. Ukishashika, fremu zinavutwa nje na kinachobaki ni ukumbi mweupe unaosimama wenyewe. Hakuna saruji wala msumari. Umbo la upinde ndilo linalobeba uzito wa paa, na ndiyo sababu huoni paa tambarare.

Baada ya hapo wasanii wanaingia. Kila mwaka hoteli huchagua wasanii kutoka nchi mbalimbali, na kila chumba maalum kinapewa mchoro wake. Wanatumia misumeno ya mashine, patasi na vifaa vya kulainishia. Mmoja anachonga mnyama ukutani, mwingine kitanda chenye umbo la mtumbwi. Katikati ya Desemba milango inafunguliwa.

Usiku wenyewe ukoje?

Jambo la kwanza ni kwamba begi lako halilali nawe. Linabaki kwenye jengo la kawaida lenye joto, kwa sababu ukiliacha chumbani asubuhi utakuta nguo zimekuwa ngumu kama ubao. Choo pia kiko kwenye jengo hilo. Kwa hiyo kabla ya kulala, fikiria mara mbili kuhusu kikombe hicho cha mwisho cha chai.

Ndani ya chumba kuna baridi ya kati ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri. Inatisha, lakini friza ya kawaida ya kuhifadhia nyama dukani hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaani chumba hicho kina joto kuliko friza! Nje usiku kunaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, hata zaidi. Theluji ina hewa nyingi ndani yake, na hewa hiyo iliyofungiwa huzuia baridi kali isipenye. Ni kanuni ileile ya blanketi, na ileile inayofanya nyumba ya nyasi iwe na ubaridi mzuri mchana wa Februari kuliko ya mabati.

Kitanda ni barafu, ila hulali juu ya barafu tupu. Kuna godoro, juu yake ngozi za reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa na Wasami, wenyeji wa eneo hilo. Halafu unaingia kwenye mfuko mnene wa kulalia, ukiwa umevaa nguo nyepesi za kubana na kofia. Ukivaa makoti matatu ndani ya mfuko utatoka jasho, na jasho likipoa ndipo baridi itakapokupata sawasawa.

Kisha kuna ukimya. Theluji humeza sauti, kwa hiyo husikii jirani akikoroma wala gari likipita. Asubuhi mhudumu anakuletea juisi ya moto ya matunda madogo mekundu ya msituni. Wageni wengi hulala usiku mmoja tu kwenye barafu, halafu wanahamia vyumba vya kawaida vyenye joto. Mwili nao una mipaka.

Ukienda Desemba, kuna kitu kingine cha kujiandaa nacho. Kwa karibu wiki tatu jua halichomozi kabisa katika eneo hilo. Kunakuwa na mwanga hafifu wa saa chache, kisha giza. Lakini giza hilohilo ndilo linalokuwezesha kuona mianga ya kaskazini, ile rangi ya kijani inayocheza angani.

Ilianza kwa sababu ya njaa ya wageni

Kabla ya 1990, Jukkasjärvi ilipata wageni majira ya joto tu, wale wa kuvua samaki na kuendesha mashua mtoni. Baridi ikiingia, biashara inalala. Nani aende mahali penye giza na nyuzi 30 chini ya sifuri?

Yngve Bergqvist, aliyekuwa akifanya biashara ya utalii hapo, aliligeuza swali hilo. Mwaka 1989 wachongaji wa barafu kutoka Japani walialikwa kuonyesha kazi zao. Mwaka uliofuata, nyumba ya theluji ilijengwa juu ya mto kwa ajili ya maonyesho ya msanii wa Kifaransa, Jannot Derid. Usiku mmoja vyumba vya kulala vilikosekana, na baadhi ya wageni wakaomba walale humohumo ndani ya maonyesho, kwenye mifuko ya kulalia juu ya ngozi za reinidia. Asubuhi waliamka wazima, tena wamefurahi. Hoteli ikazaliwa.

Wengine wakafuata. Quebec nchini Kanada ina Hôtel de Glace tangu 2001. Huko Jukkasjärvi kwenyewe, mwaka 2016 walifungua sehemu inayobaki imeganda mwaka mzima. Inapozwa kwa umeme wa sola, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua la huko halitui. Yaani jua kali ndilo linalolinda barafu isiyeyuke. Waambie hayo wanaosema jua letu ni laana.

Theluji ilitazamwa kutoka Kitui

Na kabla hujasema theluji si mambo yetu, kumbuka tarehe 3 Desemba 1849. Siku hiyo mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi maarufu wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Alieleza kwamba kilele chake kilikuwa cheupe. Wasomi wa London, akiwemo mwanajiografia William Desborough Cooley, walikataa. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani! Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa amepingwa vivyo hivyo alipoiona Kilimanjaro mwaka 1848. Mwongoza njia wake hakuona ajabu yoyote. Weupe ule aliuita kwa neno moja tu: baridi.

Wakamba waliuita mlima huo Kĩĩma Kya Kĩnyaa. Inasemekana ni kwa sababu ya weusi wa mawe na weupe wa theluji, mfano wa manyoya ya mbuni. Kutokana na jina hilo, jinsi Krapf alivyolisikia na kuliandika, tukapata jina la nchi nzima. Kwa hiyo kila unapoandika "Kenya" kwenye fomu, unaandika habari ya theluji iliyotajwa na watu wa Kitui.

Uchungu ni kwamba weupe huo unaisha. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2022, UNESCO ilionya kwamba barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro huenda zikatoweka kufikia 2050. Hapo ndipo tunapotofautiana na Jukkasjärvi. Barafu yao inayeyuka Aprili na mto unaganda tena. Yetu ikienda, hakuna fundi wa kuijenga Novemba.

Patasi ni ileile

Sasa kijana wa Kitui afanye nini na habari hizi?

Kwanza, kazi ya kuhifadhi maji ya msimu mmoja kwa ajili ya msimu mwingine tunaijua. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni ni hiyohiyo. Kikundi cha mwethya kinajenga ukuta katikati ya mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanajificha ndani yake, mbali na jua. Shirika la SASOL limesaidia wananchi kujenga mamia ya mabwawa hayo Kitui, na leo wageni kutoka nchi nyingi huja kujifunza hapa. Wao wanahifadhi maji kwenye barafu, sisi kwenye mchanga.

Pili, uchongaji. Toka Kitui kuelekea Machakos, utapita karibu na Wamunyu. Ndiko nyumbani kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga kutoka kwa Wamakonde wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi na ujuzi huo. Majirani wakauiga, na baadaye wachongaji wa Kikamba wakaenea hadi Gikomba na Changamwe. Leo mpingo umekuwa adimu, wengi wamegeukia mwarobaini na mwembe, na biashara ya vinyago ina misukosuko. Vijana wengi wanaiona ni kazi ya wazee.

Lakini hoteli ile hupokea maombi ya wasanii kutoka popote duniani. Unatuma wazo lako na michoro, jopo linachagua. Baadhi ya wanaochaguliwa hawajawahi kuchonga barafu maishani, kwa sababu kinachotafutwa kwanza ni wazo na mkono unaojua umbo. Mtu aliyefundishwa na babake kumtoa twiga ndani ya kipande cha mti ana mkono huo tayari.

Na Wakenya wameshathubutu kwenye barafu. Philip Boit alitoka kwenye riadha akaenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, akashiriki Olimpiki ya Nagano 1998. Timu ya magongo ya barafu, Kenya Ice Lions, ilijifunzia kwenye uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Ni barabara ileile inayopita Emali, Makindu na Kibwezi.

Ukitaka kujaribu

Kama ni kutembea tu, si rahisi mfukoni. Utahitaji viza ya Schengen, ndege hadi Stockholm, kisha ndege nyingine au treni ya usiku hadi mji wa Kiruna, ulio karibu na kijiji hicho. Habari njema ni kwamba si lazima ulale humo. Kuna tiketi za mchana za kutazama vyumba vyote, ambazo ni nafuu kuliko kitanda.

Kama una mkono wa kuchonga, anza leo kwa bei ya bando. Piga picha safi za kazi zako, upande wa mbele na wa nyuma. Chora chumba kimoja kwenye karatasi: kitanda kikae wapi, ukutani kuwe na nini, mwanga utoke upande gani. Tafuta mwenzako mshirikiane, maana wengi huomba wakiwa wawili. Kisha fuatilia tovuti ya hoteli ujue maombi yanafunguliwa lini. Wazo likikataliwa, mchoro unabaki wako, na unaweza kuuchonga kwenye mwembe.

Wazungu wameshaona simba na twiga wa mbao wa kutosha. Chumba cha barafu chenye mto wa Kitui ukutani, na akina mama wa mwethya wakibeba mawe ya bwawa, huenda hawajawahi kukiona.