Kipimo Kibaya Hufukuza Mhudumu Bora

Chukulia wauguzi wawili wa zahanati moja wanaopimwa kwa idadi ya wagonjwa pekee. Mmoja huhudumia harakaharaka. Mwingine humpima mama mjamzito shinikizo la damu na kumweleza dalili za hatari. Mwaka wa fedha unapoisha Juni 30, huyu wa pili ndiye hupata alama za chini. Asiposikizwa, huvunjika moyo, akaomba uhamisho au akaacha kazi. Wanaoumia ni wagonjwa waliomtegemea.

Kifungu cha 47 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka utendakazi upimwe kwa viashiria visivyo na upendeleo, vinavyopimika na vyenye muda maalum, na wananchi washirikishwe. Kwa vitendo, msimamizi na mfanyakazi hukubaliana malengo mapema, huzingatia uhaba wa dawa na wahudumu, na hujadiliana kabla ya kutia sahihi.

Mkazi aliyehudumiwa vyema naye asiishie kushukuru mlangoni. Akiandika kwenye sanduku la maoni au kusema katika kikao cha umma, kazi ambayo rejista haihesabu huonekana.