«Laid off» si kufukuzwa

Nyumba nyingi za huku kwetu, toka Kahama hata Geita, zina baba au kijana afanyaye kazi mgodini. Barua za migodi aghalabu ni za Kiingereza, na nyingine huletwa kwetu parokiani zisomwe. Humo yamo maneno mawili ambayo yamevunja amani ya nyumba zaidi ya moja bure: «laid off».

Mtoto wa shule hufungua kamusi. «Lay» ni kulaza, au kuku kutaga; «off» anaijua, ndiyo «ofu» ya wachimbaji, siku ya mapumziko. Basi husema: baba kapewa mapumziko! Sivyo. Maneno haya hayachambuliwi moja moja, kama vile nasi tusemavyo piga pasi au piga kura, wala hakuna aliyepigwa. Yakikaa pamoja, maana yake mwajiri amemwachisha mtu kwa kuwa kazi imepungua au fedha hazitoshi. Mtu mwenyewe hana kosa. Mwizi au mlevi huandikiwa «dismissed for misconduct», yaani ameachishwa kwa utovu wa nidhamu. Huyo ndiye aliyefukuzwa.

Hapo zamani «lay off» ilikuwa hasa kusimamishwa kwa muda. Siku hizi mara nyingi ni kuachishwa kabisa. Kwa hiyo tazameni kama barua inataja siku ya kurudi. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulisimama Aprili 2020, bei ya almasi ilipoanguka wakati wa korona, ukaanza tena mwaka 2021. Lakini mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, watu walikwenda makwao.

Tofauti hii ni fedha pia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyetumika miezi 12 mfululizo au zaidi, akipunguzwa, hulipwa kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 walau kwa kila mwaka kamili, hata kufikia miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Sasa mume akidhani amefukuzwa, na mkewe akimwuliza ameiba nini, nani atakwenda kudai?

Na aonaye kuwa ameachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha upesi kwa mtu aliyejifungia ndani kwa haya.